Mwaka Niliofuta Jina la Apolinari

Tulimzika Fundi Apolinari kwao Mpui, wiki tatu zilizopita, siku yenye ule upepo ambao wageni huuita baridi na sisi huuita asubuhi. Wasifu wa marehemu ulisomwa na mpwa wake kutoka kwenye karatasi moja iliyochapwa upande mmoja. Alizaliwa, akabatizwa, akapoteza macho kwa surua kabla hajaanza shule, akasoma, akafanya kazi katika karakana ya vitabu vya wasioona mjini Sumbawanga, akaoa, akazaa, akaugua. Alipofika pale pa “akafanya kazi” nilingoja. Nilidhani mpwa atageuza karatasi aendelee upande wa pili. Hakugeuza, kwa kuwa upande wa pili haukuwa na kitu. Baadaye tulikaa uani na sahani za ugali wa ulezi na migebuka mikavu ya Kipili, na nyuma yangu kina mama wawili wakawa wanamzungumza. “Marehemu alikuwa anasuka viti vizuri sana,” mmoja alisema. Mwenzake akashangaa: “Viti? Mimi ninachojua alikuwa anapiga kinanda kanisani.” Nilitaka kugeuka niwaambie mtu tuliyetoka kumfukia alikuwa nani, lakini nilikuwa na mwiba wa samaki mdomoni, na labda ilikuwa heri. Jambo lenyewe halisimuliki msibani kwa sentensi mbili. Nimerudi nyumbani nikakaa nalo, na sasa naliandika kabla na mimi sijasomewa karatasi ya upande mmoja.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha kompyuta nilichokipata Mbeya, na kiburi cha kutosha vyeti vitatu. Habari za kwetu naziruka, kila mtu ana kwao. Niliajiriwa karakana mwezi Januari, mvua ikipiga bati hadi mtu hasikii akiitwa jina lake. Kilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya ua wa misheni, chenye madirisha mawili yanayotazama milima ya Mbizi, meza tatu, jiko la mkaa la kupashia mikono, na mashine ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi ya vitone vilivyoinuka ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Mashine ile ilipofanya kazi ilitwanga karatasi kwa kishindo ambacho kilitikisa vikombe mezani, nasi tuliendelea kuongea juu yake kwa kupaza sauti, tukazoea, hata nikirudi nyumbani walikuwa wananiuliza kwa nini nawafokea. Karatasi zake ngumu zilikuwa na harufu ya gunia jipya. Chai tulikunywa saa nne, na saa saba maharage na viazi kutoka jikoni kwa watawa. Mimi nilikuwa wa kompyuta na wa karatasi isikwame. Nukta nundu zenyewe sikuzijua, wala hakuna aliyeniambia nizijue, kwa sababu kila kazi ukurasa wake wa kwanza ulipita chini ya vidole vya Apolinari kabla haujaruhusiwa kuendelea.

Alikuwa mfupi, wa miaka kama hamsini, mwenye sweta lililoungua mkono mmoja kwa sababu ya lile jiko. Chumba chote alikuwa nacho kichwani. Chupa ya chai ilikaa rafu ya pili, mshikio wake ukielekea dirishani. Mkasi ulikaa kwenye msumari wake. Viti vilikuwa na mahali pake, na ukikisogeza kimoja shubiri moja alijua kabla hajakifikia, sijui kwa sauti ya nyayo zake au kwa nini. Wiki yangu ya kwanza nilivuta kigoda karibu na moto nikakisahau huko. Alijigonga ugoko vibaya. Nilidhani atanitukana, lakini alikaa chini sakafuni, akasugua mguu, akasema kwa upole uliouma kuliko tusi, “Gaudensia mwanangu, humu ndani kila kitu kina kwao. Ukikitoa kwao, uniambie.” Nikasema nimesikia. Kusikia nilisikia kweli, ila nilidhani anazungumzia kigoda.

Nilichokuwa sijakiona popote, Mbeya wala kwingineko, ni jinsi mtu yule alivyotumia kompyuta. Skrini yake ilikuwa imezimwa, ya nini kuiwasha. Kompyuta ilimsomea kwa sauti, sauti ya Mzungu mwenye mafua aliyetamka Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, naye alikuwa ameiongezea kasi mpaka sikio langu likawa linasikia mvumo tu, mvumo wa nyuki ndani ya mzinga. Siku ya kwanza nilimwambia spika imeharibika. Alicheka hadi akashika meza. Katika mvumo ule alikuwa anasoma barua, anasahihisha vitabu, anasikia koma iliyokosewa. Na programu iliyogeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu aliiandika yeye mwenyewe, kwa miaka, kwa kujifunza kidogo kwa mgeni mmoja aliyekuja akaondoka, na mengi kwa kujigonga mwenyewe. Ndani yake alitumia msingi wa Wazungu, ambao ulijua Kiingereza na vifupisho vyake, alama moja ikisimama badala ya herufi mbili tatu. Kwa Kiswahili akatengeneza jedwali lake, faili moja fupi iliyoiambia programu kila herufi ya kwetu iandikwe vipi, wazi, moja moja, kama watoto wetu wanavyofundishwa. Nilimtazama akifanya kazi kama ninavyotazama radi ikipiga ng’ambo ya bonde: kwa mbali, kwa heshima, bila kuelewa chochote.

Mwezi wa saba aliomba ruhusa ya wiki mbili kwenda Mpui kuvuna ulezi. Na hapo ndipo kiburi changu kilipopata nafasi. Kompyuta yetu ilikuwa na mfumo endeshi wa zamani, ule ambao wenyewe waliotengeneza walishatangaza kwamba hawautunzi tena, na mimi nilikuwa na diski ya mfumo mpya. Niliwaza atakavyorudi, akute mashine inayowaka haraka na sauti isiyo na mafua. Nilinakili kila kitu chake pembeni kwa uangalifu, nikafuta, nikapakia mfumo mpya. Katikati ya shughuli mfumo uliniuliza kompyuta hii ni ya nani. Ule wa zamani uliandikwa Apolinari, na vitu vyake vyote vilikaa ndani ya folda lenye jina hilo. Nikafikiri, kompyuta si ya mtu, ni ya ofisi. Nikaandika Karakana. Haikunichukua hata muda wa kupuliza chai. Kisha nikarudisha mafaili yote, nikayapanga vizuri kuliko nilivyoyakuta, ndani ya folda la Karakana.

Nilifungua programu yake. Ilifunguka bila kulalamika. Nikaituma kazi, mashine ikatwanga, karatasi ikatoka. Niliinua ule ukurasa dirishani nikautazama kwa mwanga wa Mbizi: mistari imenyooka, vitone vimesimama, hakuna tundu wala mkunjo. Nilijiona mtaalamu. Kulikuwa na kitabu cha mazoezi ya sayansi kikingojewa na wanafunzi saba wa darasa la saba, wasioona, katika shule moja ya bweni nje ya mji, na mtihani wao wa mwisho ulikuwa Septemba. Nilichapa nakala saba, nikazijalidi, nikazituma kwa basi. Fundi aliporudi, siku zikiwa zimezidi kwa sababu ulezi ulikuwa mwingi, aliisikia ile sauti mpya akatabasamu. “Huyu Mzungu amepona mafua,” akasema. “Hongera, binti.” Nilijipongeza kwa chapati mbili.

Jumatano ya wiki ile ile Mwalimu Didas alipiga simu kutoka shuleni. Alikuwa kijana mgeni kwenye kitengo cha wasioona, mwenye moyo, lakini nukta nundu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kujifunza. Tuliweka spika tumsikie wote wawili. Alisema Kabula anaondoka, baba yake anakuja kumchukua Jumamosi. Fundi alisimama. Kabula alimjua, alikuwa msomaji wa kwanza wa darasa lile, binti wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani wakatua huko chini Ilemba, na baba yake aliridhia shule kwa sharti moja alilolisema mbele ya walimu wote: mtoto akiwa anasoma kweli, abaki hata miaka kumi, akiwa anakaa tu, kukaa hata nyumbani kwa mama yake kupo. “Anasema vidole vyake vimekufa,” Mwalimu Didas alisema. “Tangu kitabu kipya kije. Amekaa nacho wiki mbili, hasomi neno. Nampa vya zamani, anasema hivyo anavijua kwa kichwa, si kwa vidole. Amemwomba mwenzake anayetoka kwao ampigie baba yake simu.” Fundi akauliza, “Na wale wengine sita?” Mwalimu akajibu, “Wanakishika tu, Fundi. Wanapitisha vidole. Hawasemi kitu.”

Simu ilipokatika aliniambia nimpe nakala. Zilikuwepo karatasi za ziada kwenye boksi. Aliiweka moja mezani, akapitisha vidole mstari wa kwanza, akasimama, akarudi mwanzo, akapita tena polepole. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonja chumvi kwenye chai. “Mtoto si mgonjwa,” akasema. “Hata mimi siwezi kusoma hiki.” Kisha akanieleza: programu haikutumia jedwali lake. Ilikuwa imechapa Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, vifupisho vya kigeni vimetupwa katikati ya maneno, na watoto ambao walijua herufi moja moja tu wakakuta alama ambazo hawajawahi kuzigusa. Yeye angeweza kufumbua kidogo kidogo kama anafungua fundo. Mtoto wa darasa la saba asingeweza. “Umehamisha nini?” akaniuliza. Nikasema, “Sijahamisha kitu, Fundi.” Mficha maradhi, wahenga walishamaliza. Akanisukumia ile karatasi mkononi. Nikamwambia yote, hadi jina nililolifuta.

Hakugomba. Natamani angegomba. Aliniuliza jedwali liko wapi, nikasema lipo, nimelinakili lilivyo, liko kwenye folda la Karakana. Akasema, “Lipo, lakini programu inalitafuta kwao.” Wakati ule alipokuwa anaiandika programu, akiwa peke yake na kompyuta moja na jina moja, aliiandikia njia ya kufika kwenye jedwali kwa mkono wake, nzima, tangu mlangoni hadi kwenye rafu: ingia ghala la watumiaji, lile folda kuu linalobeba folda la kila mtumiaji, ingia kwa Apolinari, fungua folda fulani, chukua. Haikumpitia akilini kwamba kuna siku ghala litabadilishwa jina na Apolinari hatakuwepo. “Nilifunga njia kwa msumari,” akasema. “Niliandika kama mtu asiyehama wala asiyekufa.” Na kulikuwa na lingine lililomuuma zaidi. Zamani programu ikikosa jedwali ilipiga kelele. Siku moja ikapiga kelele mbele ya wageni, akaona aibu, akaiambia tangu leo ukikosa, tumia la Kiingereza na unyamaze. “Kosa lako ni nusu,” aliniambia. “Nusu nyingine niliifundisha mwenyewe kunyamaza.” Sikumwamini; nilidhani ananihurumia. Leo najua alikuwa anasema kweli tu.

Kuibadilisha programu kulishindikana, maana maandishi aliyoitengenezea yalikuwa kwenye zile diski laini za zamani, na mvua za miaka mingi zilikuwa zimeziotesha ukungu. Njia yenyewe neno kwa neno alikuwa ameisahau. Alikumbuka kuna folda ndani ya folda, lakini aliliitaje? Na mimi, katika kupanga upya, nilikuwa nimelifuta. Alhamisi nzima nilibahatisha. Nililiweka jedwali kila mahali nilipoweza kufikiria, nikachapa, akagusa, akatikisa kichwa. Nikachapa, akagusa, akatikisa kichwa. Chai ilipoa bila kunyweka. Mpishi wa watawa alichungulia akatuuliza kama kuna aliyefiwa.

Ijumaa asubuhi akasema, “Basi nifungulie programu yenyewe. Siyo kuiendesha. Uipasue niisikie ndani.” Nilielewa anachotaka, nikaifungua kwa kihariri kama faili la maandishi, na skrini ikajaa takataka: vijisanduku, alama za kuuliza, herufi zilizopasuka, kurasa kwa mamia, kitu ambacho mashine huelewa na binadamu hapaswi kukisoma. Alivuta kiti chake, akainamisha kichwa, akaachia sauti kwa kasi yake. Ule mvumo ukaanza. Nilikaa pembeni nikiangalia takataka zikipanda kwenye skrini, na nikawa namtazama yeye. Hakusogea. Upepo ulikuwa unavuta madirisha, makaa yakawa majivu, naye ameinama vilevile, akisikiliza fujo ile kama mtu anayesikiliza umati wa sokoni akitafuta sauti ya mtoto wake. Saa nzima ikapita, na zaidi. Ghafla akapiga kibodi. “Hapo.” Akarudisha nyuma, akapunguza kasi mpaka na mimi nikasikia, na yule Mzungu katikati ya makorokoro yake akatamka: Apolinari.

Nilisimama nikasogea kwenye skrini. Lilikuwepo. Katikati ya vijisanduku, safi, herufi tisa, na baada yake jina la folda alilolisahau, na baada yake jedwali. Macho yangu mazima mawili yalikuwa yameelekezwa hapo hapo, mstari ule umepita mbele yangu, sikuuona. Yeye aliusikia ukipita ndani ya kelele. Mpaka leo nimefanya kazi na watu wenye vyeo vya kompyuta ambavyo majina yake yanajaza kadi, na sijamwona mtu akifanya kitu kama kile. Nilimwambia, “Fundi, wewe ni mtu wa namna gani?” Akajibu, “Wa Mpui.”

Nikataka kufuta jina lake mle ndani niandike Karakana, mambo yaishe. Alinishika kiganja. Mle ndani, alisema, kila herufi imekaa kwenye kiti chenye namba, na Karakana ina herufi nane. Ukipunguza moja, wote waliokaa mbele yake wanasogea na programu inaanguka. “Aliyekaa usimhamishe. Mjengee.” Basi tukajenga. Mfumo mpya ulikuwa umelipa ghala la watumiaji jina jingine, lakini waliotengeneza, kwa busara, waliacha kibao kwenye jina la zamani kinachompeleka mpita njia kwenye ghala jipya. Programu ilikuwa inafuata kibao vizuri siku zote zile, inaingia ghalani, inatafuta mlango wa Apolinari, inaukosa. Nikatengeneza folda ghalani nikaliita Apolinari. Ndani yake lile folda alilolisahau, na ndani ya hilo jedwali. Dakika moja, labda pungufu. Nikachapa. Alipitisha vidole mstari wa kwanza, wa pili, akaenda hadi chini, kisha akaanza tena juu, na nikajua sasa anasoma kwa raha yake tu. Nililia waziwazi, na hakunikataza.

Kitabu kizima mara saba kisingewahi. Tulichapa sura ya kwanza, nakala saba, na Jumamosi mapema tulikuwa shuleni. Baba yake Kabula alitutangulia. Alikaa kwenye benchi nje ya darasa, mrefu, blanketi begani, fimbo kati ya magoti, na kando yake furushi la nguo za mtoto lililokwisha kufungwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika taratibu. “Sina ugomvi na shule,” alimwambia Fundi baada ya salamu ndefu. “Ng’ombe akivunjika mguu humlaumu. Mtoto kasema vidole vimekufa, basi vimekufa. Nampeleka kwa mama yake.” Wakati wanazungumza nilisikia sauti dirishani, ndani, ya watoto wawili wasiojua kwamba kuna mtu. Binti alikuwa anasema ameviloweka kwenye maji ya chumvi ya moto kila jioni, havirudi. Na mvulana akamjibu kwa kunong’ona, “Hata vyangu. Lakini mimi sisemi. Nikisema na mimi nitaondolewa.”

Nimezeeka kidogo tangu siku hiyo, nina miwani ya kusomea, nimezika watu, na bado sijasikia kitu kilichonishtua kama kile kisentensi cha dirishani. Watoto saba kwenye chumba kimoja, vitabu saba vibovu, na kila mmoja akaamini mbovu ni yeye. Wiki mbili walilala vitanda vya jirani, wakala uji mmoja, wakapitisha vidole kwenye alama zisizosomeka huku wakisikiliza karatasi za wenzao zikifunguliwa, na kila mmoja akadhani wengine wanasoma. Hakuna aliyefikiri kwamba kitabu kinaweza kukosea. Kilitoka karakana, kwa Fundi Apolinari, ambaye walimjua wote na walitaka kuwa yeye. Imani ile ndiyo iliyokuwa imewafunga midomo.

Mwalimu Didas alitufungulia mlango. Fundi aliingia akagonga fimbo yake sakafuni mara moja, wakamtambua, wakasimama, “Shikamoo Fundi!” Akaitika. Akawauliza, “Kitabu kipya cha sayansi, nani amekisoma?” Nje kuku alikuwa anapekua majani makavu na tukamsikia. Kisha akasema, “Mimi nimeshindwa.” Vichwa vikainuka. Mvulana wa dirishani, Joseti jina lake, akauliza kwa sauti ya mtu anayekanyaga barafu ya asubuhi, “Neno hata moja, Fundi?” “Hata moja sikulipata kwa raha. Kitabu ni kibovu. Vidole vyenu vizima.” Sijui nieleze vipi kilichofuata. Mmoja alisema “hata mimi,” mwingine akasema “hata mimi,” na mara wote walikuwa wanapiga kelele, wanacheka, wanashikana mabega, mmoja analia kwa kwikwi, na baba yake Kabula amesimama mlangoni na fimbo yake haelewi ni sherehe ya nini.

Kabula peke yake hakupiga kelele. Alikuwa mwembamba, amekaa dawati la mwisho, mikono ameificha kwapani. Joseti na wengine walishapewa kurasa mpya na walikuwa wanasoma kwa sauti, kila mmoja na mstari wake. Fundi aliweka ukurasa mbele ya Kabula akaenda kukaa mbali naye. Hakumsihi. Muda ukapita, na mikono haikutoka. Ndipo baba yake akaja, akapiga goti moja kando ya dawati, mtu mzima yule, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuitarajia kwake, “Weka mkono, mama. Ukikataa tutaondoka. Weka tu.” Akautoa mmoja. Ncha za vidole zilikuwa zimebabuka kwa maji ya chumvi. Akaugusa ukurasa kama unaunguza, akatulia, kidole kikaanza kutembea, na midomo yake ikakifuata: “Mbegu ikipata maji na hewa huota.” Akasimama. Akairudia, sasa kwa sauti ya darasani. Akaendelea na mstari wa pili, wa tatu, kwa haraka, kwa njaa, hadi mwisho wa aya. Baba yake alisikiliza yote. Kisha akatoka nje, akarudi na lile furushi, akalisukuma chini ya dawati la binti yake, akakaa juu ya benchi la nyuma kusikiliza zaidi.

Nakala kamili ziliwafikia siku kumi baadaye, na Septemba wote saba waliingia kwenye mtihani, na Kabula akaendelea na shule kuliko nilivyosoma mimi. Lakini bado hatujatoka darasani. Fundi aligeukia upande nilikosimama akasema, “Gaudensia, na wewe una neno.” Nikasogea mbele ya dawati la Kabula, nikamwambia ni mimi niliyekichapa kile kitabu, ni mimi niliyehamisha vitu, nisamehe. Alinyoosha uso kunisikiliza.

“Dada, kabla hujatutumia, ulikisoma?”

“Nilikitazama vizuri sana, Kabula. Nilikiinua dirishani. Nukta zilikuwa zimenyooka zote.”

“Sijauliza kutazama.”

Akasogea kwenye benchi, akapigapiga kwa kiganja nafasi ya kando yake, na nilipokaa akautafuta mkono wangu, akakishika kidole changu cha shahada, kilaini kisicho na kazi, akakiweka kwenye nukta za herufi ya kwanza ya ukurasa.

“Fumba macho,” akasema. “Hii ni M.”